Ngazi za Mahali na Haki za Ardhi: Uchambuzi wa Kanzidata kwa Mfano wa Iringa

Mtu atakayefungua vitabu viwili vya sensa ya Tanzania, kile cha 2002 na kile cha 2012, akautafuta Mkoa wa Iringa katika kila kimoja na kuziandika hesabu zake sambamba, ataona kwamba katika kile cha kwanza mkoa huo ulikuwa na watu karibu milioni moja na nusu, na katika kile cha pili umebaki na watu 941,238; na lau hana habari nyingine ila hizo, hatakuwa na budi kuuliza ni tauni gani, au njaa gani, iliyopita katika nyanda zile ikaondoa watu zaidi ya nusu milioni kwa muda wa miaka kumi. Hakuna tauni iliyopita. Machi 2012, miezi michache kabla ya watu kuhesabiwa, Njombe ilitengwa ikawa mkoa wa peke yake, ikaondoka pamoja na Makete na Ludewa, na jina la Iringa likaendelea kutumika kwa nchi iliyosalia, ambayo si ile iliyokuwa ikiitwa kwa jina hilo hapo awali.

Kosa hilo ni dogo kwa msomaji wa kitabu, kwa kuwa atapata wa kumrekebisha, walakini ni kubwa mno likiingia ndani ya kanzidata, ambamo hesabu hujumlishwa usiku na mchana bila ya mtu kuzitazama. Wanaobuni kanzidata wana kazi mbili zilizo ngumu kuliko nyingine zote. Kazi ya kwanza ni kuzipanga huluki, yaani vile vitu vilivyo na kuwepo kwao na vinavyostahili kuwekewa kumbukumbu, katika ngazi zao, hiki chini ya kile; ya pili ni kuziandika kanuni za shughuli, lipi linajuzu na lipi halijuzu, nani atoe idhini na jambo lipi litangulie lipi. Rai ninayotaka kuitetea hapa ni kwamba ngazi si sifa ya kitu, bali ni uhusiano wenye mwanzo na mwisho, na kwamba kanuni nazo si za namna moja: zipo ambazo kuzivunja ni muhali kwa maumbile ya jambo lenyewe, na zipo ambazo huvunjwa kila msimu, ambazo wajibu wa kanzidata mintarafu yake si kuzikinga, bali ni kuandika zilivunjwaje, na nani, na lini. Aghalabu masjala huharibika kwa kuyachanganya mambo haya.

Tuanze na ngazi, maana ndiyo sehemu inayodhaniwa kuwa nyepesi. Kijana aliyepewa kazi ya kutengeneza mfumo wa halmashauri huambiwa kwamba mkoa una wilaya, wilaya ina tarafa, tarafa ina kata, kata ina vijiji, na kijiji kina vitongoji. Naye huchora majedwali sita, kila moja likiwa na ufunguo rejea unaolifunga kwa lile la juu yake, akarudi nyumbani ameridhika. Mchoro huo haukosi ukweli, lakini ndani yake halmashauri yenyewe iliyomwajiri haimo. Wilaya ya Iringa ni moja, na ndani yake zimo mamlaka mbili, Manispaa ya Iringa na Halmashauri ya Wilaya ya Iringa. Mufindi nayo ni wilaya moja yenye Halmashauri ya Wilaya na Halmashauri ya Mji wa Mafinga. Mkuu wa wilaya ni mtu wa serikali kuu, na afisa tarafa wa Pawaga au wa Idodi huwajibika kwake. Mtendaji wa kata huwajibika kwa mkurugenzi, ambaye ni wa serikali za mitaa. Kwa hiyo kata ile ile ina wazazi wawili, mmoja kwa njia ya tarafa na mwingine kwa njia ya halmashauri, na wala hakuna mmoja kati yao aliye wa uongo. Likija suala la uchaguzi hupatikana mzazi wa tatu, kwani Isimani na Kalenga yamekuwa majimbo mawili ndani ya halmashauri moja. Fauka ya hayo, chini ya kata za mjini hakuna vijiji bali mitaa, na katika mji unaokua kama Mafinga mamlaka moja huwa na mitaa katikati na vijiji pembezoni, kiasi kwamba mchoraji aliyeandika kuwa kila kata ina vijiji atalazimika ama kuubatiza mtaa jina la kijiji au kuuacha nje.

Historia ya fani hii ilipita papo hapo. Katikati ya miaka ya sitini kampuni ya IBM ya Marekani ilitengeneza mfumo ulioitwa IMS, kwa ajili ya kuorodhesha vipuri vya roketi ya safari za mwezini, na mfumo huo uliyapanga mambo yote kwa umbo la mti: kila kipuri kina mzazi mmoja, na asiyeijua njia ya kutoka shinani hadi tawini hakipati anachokitafuta. Umbo hilo lilifaa kwa roketi, kwa sababu skrubu haiwezi kukaa katika injini mbili kwa wakati mmoja. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni hiyo hiyo, alitoa makala iliyosema kwamba ngazi isifumwe ndani ya hifadhi yenyewe, bali iandikwe kama habari nyingine zozote, katika majedwali, ili mtu aweze kuuliza swali kutoka upande wowote pasipo kulazimika kupita njia iliyochongwa na aliyemtangulia. Hoja yake ilishinda, na kanzidata nyingi tunazozitumia leo zimejengwa juu yake. Hata hivyo mazoea ya mti hayakwisha vichwani mwa watu, na yale majedwali sita ya yule kijana ni mti wa IMS uliovishwa nguo za Codd.

Ninavyoona mimi, njia iliyo salama ni kuwa na jedwali moja la mahali, lenye mkoa na kitongoji na jimbo pamoja, kila kimoja kikiwa na aina yake. Kisha jedwali la pili, lililo mbali na hilo, la mahusiano, ambalo kila mstari wake hutaja mahali padogo, mahali pakubwa, njia ya uhusiano (ya utawala, ya serikali za mitaa au ya uchaguzi), tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Hapo mstari mmoja utasema kuwa Wilaya ya Njombe ilikuwa chini ya Mkoa wa Iringa kiutawala hadi Machi 2012, na mstari unaofuata utasema kuwa tangu hapo iko chini ya Mkoa wa Njombe. Hakuna kilichofutwa, na anayeuliza juu ya 2002 atajibiwa kwa mujibu wa 2002. Ndivyo ilivyo kwa Mbeya pia, iliyotoa Songwe mwaka 2016 ikabaki na jina lake na zaidi kidogo ya nusu ya nchi yake.

Njia hii ina gharama, na asiyeitaja huwaingiza wenzake mtegoni. Kwanza, kumpata mkuu wa ngazi kutoka kitongojini huhitaji kupanda hatua kwa hatua, na ijapokuwa kanuni za lugha ya SQL ziliruhusu upandaji huo tangu toleo la 1999, maswali hayo ni marefu kuyaandika na huwatia uvivu watu wa ofisini, ambao mwishowe hujitengenezea orodha yao pembeni. Pili, na hili ndilo zito, kwa kutia mahali pote katika jedwali moja umekwisha kuuvunja ule ukuta uliokuwa ukizuia kitongoji kuwekwa moja kwa moja chini ya mkoa. Ukuta huo shurti ujengwe upya kwa namna nyingine: jedwali dogo linalotaja ni aina gani inajuzu kuwa chini ya aina gani, kwa njia ipi, na tangu lini. Kwa hiyo ulichokuwa umekiandika kama umbo sasa umekiandika kama kanuni, na kanuni hiyo, kwa kuwa imo ndani ya jedwali, yaweza kubadilishwa na mtu wa masjala pasipo kumwita fundi kutoka Dar es Salaam. Hiyo ni faida au hatari kwa kadiri ya mtu wa masjala alivyo.

Neno moja juu ya funguo, yaani namba zinazotambulisha kila mstari wa jedwali, kisha tusonge mbele. Ni desturi ya kila serikali kupenda namba inayosema kitu. Namba ya kitambulisho chetu cha taifa, yenye tarakimu 20, huanza na tarehe ya kuzaliwa ya mwenyewe. Kwa macho ya binadamu jambo hili ni zuri. Lakini tarehe ya kuzaliwa ni habari, na habari husahihishwa, ilhali ufunguo hauna ruhusa ya kusahihishwa kwa kuwa majedwali mengine yote yameushika; hivyo itokeapo kwamba mzee alikosewa mwaka wake, ama namba yake itasema uongo hadi kaburini, ama atapewa namba nyingine na kuwa watu wawili. Namba za vijiji zinazobeba ndani yake namba za wilaya zina ugonjwa uo huo. Ufunguo bora ni ule usiojua chochote.

Kazi ya kuwauliza wenyeji ngazi zao zikoje, kisha kuyaandika majibu kwa mpango, haikuanza Iringa na kompyuta. Mwaka 1935 palichapishwa Uingereza kitabu kiitwacho Anthropology in Action, kilichoandikwa na Gordon Brown, mtaalamu wa elimu ya watu na desturi zao, pamoja na Bruce Hutt, afisa wa serikali, juu ya jaribio walilolifanya katika Wilaya ya Iringa. Walikubaliana kwamba mwenye serikali aulize anachohitaji kukijua juu ya Wahehe, wenyeji wa huko, mintarafu ya utawala na ardhi na mashauri, na mtaalamu amjibu yalivyo bila ya kumshauri afanye nini. Ukiacha kando dhamira ya kikoloni iliyokuwa nyuma yake, na haifai kuachwa kando kwa muda mrefu, utaratibu huo ndio ule ule anaofundishwa leo mchambuzi wa mifumo: huyu ana maswali ya shughuli, yule ana maarifa ya mambo yalivyo, na kasoro ya kila mfumo huanza pale mmoja wao anapoifanya kazi ya mwenzake.

Sasa tuingie katika ardhi, ambako mambo haya mawili, ngazi na kanuni, hukutana kwa nguvu zote. Iringa si mahali ambapo swali la nani mwenye shamba ni la karatasini tu. Siku ya Krismasi ya 1971, huko Isimani, Mkuu wa Mkoa Dk. Wilbert Kleruu alipigwa risasi na mkulima Said Mwamwindi, katika mvutano wa mashamba na ujamaa. Katika mkoa huo huo, kuanzia 2014, kijiji cha Ilalasimba kilikuwa miongoni mwa vijiji vya kwanza vya Wilaya ya Iringa kujaribu upimaji wa simu za mkononi, uliogharimiwa na Shirika la Misaada la Marekani: vijana wa kijiji walifundishwa kutembea mpakani pamoja na mwenye shamba na majirani zake, simu ikichukua alama za mahali na majina na namna ya umiliki, na habari hizo zikaenda katika kanzidata ambamo zilitoka hati za hakimiliki za kimila. Jaribio lilipofaulu lilipanuliwa katika vijiji vingi zaidi vya Iringa na vichache vya Mbeya, na hati zilizotolewa zikafika makumi ya maelfu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, imekwisha kumfanyia mbuni nusu ya kazi yake, iwapo atakubali kuisoma. Kifungu chake cha 22 kinawataja wanaoweza kuomba haki ya kimila: mtu, familia, kundi la watu linalotambuliwa kwa mila, au watu waliojiunga wakawa jumuiya, chama cha msingi cha ushirika au chombo kingine kinachotambuliwa na sheria. Hii ni ngazi ya aina nyingine kabisa, isiyo ya mahali padogo ndani ya pakubwa, bali ya jambo la jumla na matawi yake: wote hawa ni waombaji, na kila mmoja ni mwombaji kwa namna yake. Peter Chen aliyeleta mwaka 1976 michoro ya huluki na mahusiano hakuipa nafasi kubwa ngazi hii. Ni John na Diane Smith, mwaka uliofuata, walioeleza bayana kwamba kukusanya sehemu katika kitu kizima na kukusanya aina katika jinsi moja ni kazi mbili zisizofanana.

Namna za kuiandika ngazi hiyo ya pili ni tatu, na mabishano yake hayaishi. Waweza kuwaweka waombaji wote katika jedwali moja, ukaacha mapengo mengi, maana chama cha ushirika hakina jinsia wala tarehe ya kuzaliwa. Waweza kuipa kila aina jedwali lake, lakini hapo jedwali la haki halitajua lishike ufunguo wa nani. Ama waweza kuwa na jedwali la wahusika kwa ujumla, lenye ufunguo na jina tu, na chini yake majedwali ya watu, ya makundi na ya taasisi yanayoukopa ufunguo ule ule. Kwa wahusika wa ardhi sioni namna ila hii ya tatu, kwa sababu haki shurti iwe na pahala pamoja pa kushika. Kwa aina za haki zenyewe, ambazo hutofautiana kwa jambo moja au mawili tu, jedwali moja lenye mapengo machache latosha, na anayeligawa kwa ajili ya usafi anajipa taabu ya bure.

Kundi ndilo linalostahili kutazamwa kwa karibu. Familia inaonekana kuwa huluki hadi utakapouliza wamo nani. Mzee mwenye wake wawili na watoto wa nyumba zote mbili, pamoja na mpwa aliyelelewa hapo tangu utoto, ana familia ngapi? Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya wake wengi, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inachukulia, isipokuwa imeandikwa vingine, kwamba ardhi waliyoipata mume na mke kwa matumizi yao wote wawili ni yao kwa hisa. Kwa hiyo jina la familia halitoshi. Panatakiwa jedwali la wajumbe wa kundi, kila mmoja na hisa yake na tarehe yake ya kuingia na kutoka. Hapa ndipo ninapokipendelea sana kiwango cha kimataifa cha masjala za ardhi, ISO 19152 cha mwaka 2012, ambacho kinayagawa mambo yote katika wahusika, haki pamoja na vizuizi na wajibu, kitengo cha usajili, na eneo lenyewe, na kila kimoja kati ya hivyo kina mwanzo na mwisho wa uhai wake. Kiwango hicho kinataka hisa iandikwe kwa sehemu, kiasi juu na asili chini. Asiyeuona umuhimu wake na awatazame ndugu watatu waliorithi shamba moja: karani akiandika 0.33 kwa kila mmoja, jumla ni 0.99, na kanuni isemayo kwamba hisa zote zitimie moja itawakataa. Akimpa mmoja wao 0.34 ili mashine iridhike, amemfanya kaka mkubwa kuwa na zaidi ya wenzake, na kwa shamba la ekari tano ziada hiyo ni kipande cha ardhi cha kusimama na kugombana. Theluthi ikiandikwa theluthi, ugomvi huo haupo.

Kosa la kawaida zaidi ni kuufanya wadhifa kuwa aina ya mtu. Wabuni wengi huwa na jedwali la wenyeviti wa vijiji, kana kwamba mwenyekiti huzaliwa hivyo. Mwenyekiti huchaguliwa, na chaguzi za serikali za mitaa zilifanyika 2014, 2019 na 2024. Hati iliyosainiwa 2016 imesainiwa na mtu aliyekuwa na wadhifa huo wakati ule, na mfumo unaosoma jina la mwenyekiti kutoka jedwali la sasa utaichapa hati ya zamani kwa jina la mtu ambaye hakuiona. Wadhifa ni uhusiano baina ya mtu na mahali, nao una tarehe, kama ulivyo uhusiano wa wilaya na mkoa.

Twende kwenye kanuni. Katika mabonde ya Iringa na Njombe watu hulima vinyungu, yaani bustani za kiangazi katika ardhi yenye unyevu kandokando ya vijito, na mboga na mahindi mabichi ya miezi mikavu hutoka huko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Fikiri basi juu ya mbuni mwenye bidii aliyeiweka kanuni hiyo ndani ya simu ya kijana mpimaji, ili eneo lolote lililo ndani ya mita hizo likataliwe kuhifadhiwa. Kijana amesimama kijitoni, mama mwenye kinyungu yuko ubavuni mwake, majirani wote wameshuhudia kwamba alikilima yeye na mama yake kabla yake, na simu inasema haiwezekani. Atafanya nini? Yamkini atalisogeza eneo hadi mashine inyamaze, na ramani ya kijiji itaonesha kinyungu mahali ambapo hakipo. Hapo mfumo haukuilinda sheria wala haukusema kweli.

Kinyungu kile kipo. Hilo ni tukio, na matukio huandikwa. Kwamba hakistahili kupewa hati ni jambo jingine, ambalo huandikwa pengine: mstari wa kizuizi, wenye kifungu cha sheria na mwaka wake, unaoshika eneo lile na kuzuia hatua ya hati, si hatua ya upimaji. Kadhalika kuna aliyeazimwa kinyungu kwa kiangazi tu na anayekirudisha mvua zikianza, na kuna mtu wa mjini aliyepanda misonobari Mufindi juu ya ardhi ya mwanakijiji, miti ikiwa ya mmoja na nchi ikiwa ya mwingine. Wote hawa wana haki zisizo za umiliki, na mbuni aliyeruhusu haki moja tu kwa eneo moja amewafuta kwa kalamu.

Zipo kanuni ambazo hazina mjadala: hisa zisizidi moja, hati isiwepo bila mhusika, mwisho wa uhusiano usitangulie mwanzo wake. Hizi na zifungwe ndani ya kanzidata yenyewe, kwa masharti yasiyoweza kurukwa, wala zisiachiwe programu, kwa sababu masjala ya ardhi hupokea habari kutoka simu ya kijijini, kutoka kompyuta ya afisa ardhi, na kutoka faili lililoletwa na mtaalamu mgeni siku moja kabla ya mradi kufungwa, na kanuni iliyo ndani ya simu hulinda mlango mmoja tu wa nyumba yenye milango mitatu. Kanuni za sheria zina hali tofauti. Baraza la ardhi la kijiji linapaswa kuwa na wajumbe saba, na wasiopungua watatu wawe wanawake. Lakini mjumbe akifariki baraza linabaki na sita hadi mkutano mkuu ukae, na mfumo unaokataa kuwepo kwa baraza la watu sita unakataa kwamba watu hufa. Namna nzuri ni kuliandika baraza lilivyo na kuuliza, siku ya uamuzi, kama lilikuwa limetimia.

Tena sheria hubadilika. Kiwango cha hekta 250, ambacho hadi hapo mkutano mkuu wa kijiji waweza kuidhinisha au kukataa uhaulishaji wa ardhi yake, na ambacho kikizidi jambo humfikia Waziri, ni namba ya sheria wala si ya maumbile. Ikiandikwa katikati ya programu itakuja kusahauliwa humo. Mwaka 2021 marekebisho ya sheria yaliyaondolea mabaraza ya kata uwezo wa kuamua mashauri ya ardhi, yakabakiwa na usuluhishi. Fundi aliyeifuta ruhusa hiyo katika orodha, bila ya kuiwekea tarehe ya mwisho, amezifanya hukumu zote za mabaraza hayo za kabla ya 2021 zionekane kuwa zilitolewa na wasio na mamlaka. Kwa ajili hiyo kanuni za sheria zikae katika majedwali kama habari nyingine, zikiwa na kifungu, kiwango, na muda wa kutumika; nazo zipimwe kwa tarehe ya tendo, wala si kwa tarehe ya kusomwa.

Kuna kundi la tatu, la kanuni za ofisi, nalo sitalikalia sana. Kwamba kila mwombaji awe na namba ya simu, kwamba picha yake iwe na rangi fulani nyuma, kwamba faili lisifunguliwe siku ya Ijumaa mchana: haya ni mazoea, na mengi yake yalizaliwa na fomu ya karatasi iliyokwisha kutupwa. Yakiingizwa katika kanzidata kama masharti, bibi kizee wa Kilolo asiye na simu ataandikiwa namba ya mjukuu wa jirani, na siku moja jirani huyo atapokea ujumbe wa ardhi isiyo yake.

Lililo gumu kupita yote ni kanuni ambayo wakati wake hufika pasipo tukio lolote. Mtoto aliyefiwa na baba huandikwa mmiliki, na mlezi huandikwa kando yake kuisimamia ardhi hadi atakapokuwa mtu mzima. Siku anapotimiza miaka 18 hakuna anayekwenda ofisini, hakuna saini inayowekwa, na hakuna mstari unaobadilika. Hata hivyo tangu usiku huo kumbukumbu iliyokuwa kweli imekuwa si kweli, kwa kukaa tu. Kompyuta yaweza kulihesabu jambo hilo yenyewe kutoka tarehe ya kuzaliwa, na wengi wangeridhika hapo, lakini tarehe za watoto wengi wa vijijini ziliandikwa kwa kukadiria, na kumwondoa mlezi kwa makadirio ni kumpa mtu ardhi kwa bahati nasibu. Ningependelea mashine isiamue. Na itoe, kila mwanzo wa mwaka, orodha ya watoto ambao kwa hesabu yake wamefikia umri huo, iende kwa mtendaji wa kijiji. Naye, akiwa na mlezi na kijana mbele yake na cheti cha kliniki au cha ubatizo mkononi, ndiye aandike tarehe ya mwisho wa ulezi, jina lake likiwa chini ya mstari huo.